Baba Mkwe Hapandi Boti ya Wasichana

Jumapili, 5 Agosti 2007

Nimetoka kanisa miguu imefura. Mhubiri wa leo hakujua kukaa chini.

Nimefika hapa nyumbani Kitengela nikapata wasichana wamejaa kwa sebule. Valerie, mjukuu wangu wa kwanza, anaolewa Septemba na Kiama. Rafiki yake Shirleen ndiye anapanga sherehe ya kuaga usichana. Nikauliza itakuwa wapi, hapa ama kwa hall ya kanisa? Wakacheka. Kwa yoti, Kukhu (ndivyo wananiita, nyanya yao)! Yoti ni nini? Boti kubwa unakodi yote peke yenu, iko na vitanda na jikoni ndani, inatoka Mtwapa inazunguka baharini na kurudi. Inaenda wapi? Haiendi popote. Sasa mnapanda ya nini?

Shirleen anasema ni mziki, kuogelea, champeni. Mwanaume hapana, hata mmoja. Kapteni tu.

Nikasema mimi pia naenda. Shirleen akajaribu: Kukhu, mawimbi itakusumbua. Nikamwambia nimezaa watoto saba, mawimbi ni nini? Kwetu Bukusu nyanya ndiye anakaa na bibi arusi na kumweleza mambo ya kitanda. Mama yake hawezi. Apondi akitaja hayo mbele ya binti yake atazimia, tumwagie maji.

Valerie alicheka mpaka akaanguka kwa mapaja yangu. Mtu mzima na digrii! Kichwa bado kizito vile vile.

Mwalimu wa gumbaru, masomo yetu sisi watu wazima, alituambia tuandike kama tunavyoongea. Basi ndiyo hivyo. Shule sikuiona, lakini mdomo ninao.

Jumatano, 8 Agosti

Boti imekufa. Mwenyewe amewapa watu wengine. Shirleen amelia kwa simu.

Valerie anasema si kitu, watachoma nyama hapa tu. Mdomo unasema si kitu, macho yanasema ingine. Darasa la saba watoto walipelekwa Mombasa, yeye akabaki kwangu na tetekuwanga, nikimpaka dawa nyeupe mwili mzima. Mpaka leo bahari ameiona kwa kalenda.

Mama wa maziwa, Mmaasai, akaona uso wangu. Akanisalimia kwao, supa, nini mbaya? Nikamweleza boti. Akauliza maji yote hiyo ng'ombe wanakunywa? Hapana, ni ya chumvi. Akasema basi hawajakosa kitu.

Jumamosi, 11 Agosti

Leo nina maneno mengi.

Wazazi wa Kiama wametembea hapa, Mzee Githongo na mke wake, Virginia. Mzee ana machimbo ya mawe huku Kajiado. Sauti yake inaingia kwa nyumba kabla ya yeye. Ametuletea gunia la avokado. Mimi huyu mtu nampenda. Anakula kama mtu, hachokoi chakula.

Nilikuwa jikoni nasonga ugali nikasikia akisema ana rafiki Mtwapa, yuko na boti kubwa kushinda ile ya kwanza, na wasichana wameshapewa bure. Bure! Shirleen alipiga nduru kama mtoto wake ametoka jandoni. Mimi pia nilipiga, na mwiko mkononi.

Halafu Mzee akaendelea: na mimi na Mama tutakuja pia, tuchunge watoto wetu. Nitawachomea mbuzi humo humo majini!

Nikawacha kusonga.

Baba mkwe! Kwa boti! Bibi arusi amevaa nguo za kuogelea, anatingisha kiuno, na baba mkwe anageuza mbavu hapo kando! Kwetu mke wa mwana hakai kiti kimoja na baba wa bwana yake. Akimwona njiani anakata kona. Sasa baharini atakata kona aende wapi?

Nikatoka jikoni. Apondi ameinamisha kichwa. Wasike, mwanangu, baba ya Valerie, anasoma kikombe cha chai kama Biblia. Na Valerie? Valerie amepiga magoti kidogo na kusema, asante sana, Baba.

Mzee hana ubaya. Kwao Wakikuyu baba mkwe anakaa na mke wa mwana, wanakula, wanapiga hadithi. Hajui. Na sisi tukiona aibu tunasema asante. Atajuaje?

Ugali uliungua.

Jumatatu, 13 Agosti

Kiama amepita jioni akitoka kazi. Nikamwambia ongea na baba yako. Akakuna shingo. Cucu (ndiye nyanya kwao), mzee akishaamua ameamua. Tuvumilie tu, ni siku moja.

Nikamuuliza, na ile maneno ya kazi? Maana nasikia Mzee ameshasema Valerie ataacha benki akae ofisi ya machimbo. Kiama akasema hiyo bado haijaamuliwa. Na nani anaamua? Akakuna tena. Kijana mzuri. Alinitengenezea redio yangu. Lakini hiyo shingo itatoka kidonda!

Shirleen amepiga simu: Kukhu tafadhali usiharibu, boti tunayo. Tutajifunga leso juu ya nguo. Champeni tutaiita soda. Nikamwambia hiyo ni matanga sasa.

Wasike anasema, Mama, wewe ndiye wa kusema. Ni kweli. Nyanya anaruhusiwa. Mimi naweza kumtukana mkwe, na yeye kazi yake ni kucheka. Neno moja tu, Mzee baki nyumbani, na maneno yameisha chai haijapoa. Lakini Valerie hawezi. Heshima inasema baba mkwe asipande hiyo boti. Heshima hiyo hiyo inamfunga msichana mdomo asimwambie. Ona sasa!

Nimeshika simu ya Wasike. Nimeirudisha.

Nikisema mimi, msichana atakuwa ameolewa na mdomo wangu. Na huu mdomo umezeeka. Leo boti. Kesho kazi ya benki. Kesho kutwa wanampangia mtoto shule na yeye anapiga magoti, asante sana, Baba. Nitakuwa nimelala huko Bungoma chini ya mchanga, nani atamsemea?

Alhamisi, 16 Agosti

Safari ni kesho. Valerie anapanga begi. Nguo ya kuogelea ameingiza, ametoa, ameingiza, ametoa. Mwisho ameweka rinda la kanisa.

Akaniambia, Kukhu, si wewe umwambie Mzee.

Nikasema hapana.

Akashtuka. Hajawahi kuniona nikikataa kuongea! Mimi pia nilijishangaa.

Akasema si adabu. Nikamwambia, adabu ya kwetu naijua kukushinda, hata nimekulea nayo. Lakini yule mzee si wa kwetu. Mtu hawezi kuheshimu mila hajaelezwa. Inama kama unataka kuinama. Sema polepole. Angalia viatu vyake. Lakini sema.

Na akikasirika?

Atakasirika. Halafu atataka chakula kama kawaida.

Na Kiama?

Nikamuuliza, unamtaka? Akasema namtaka, Kukhu, sana. Nikaona ni kweli, machozi yalikuja nayo.

Halafu akanikasirikia. Wewe unaambia kila mtu ukweli, hata pastor. Mimi tu ndiye unaniacha.

Akafunga begi kwa goti.

Iliniuma. Bado inauma. Mtoto niliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda! Lakini sijapiga simu.

Ijumaa, 17 Agosti

Gari la Mzee liko kwa gate. Anapiga honi. Shirleen na wenzake wameshapanda, wanaimba. Virginia anapungia kila mtu. Mbuzi iko ndani ya barafu. Na Mzee mwenyewe amevaa shati ya maua na kofia nyeupe ya kapteni! Amenunua ya nini, huyu mtu? Mungu wangu, jinsi ninavyompenda.

Apondi ananiita nitoke. Nimesema nafunga kiatu. Uongo. Niko dirishani na kalamu.

Valerie ametoka. Hajapanda. Anazunguka upande wa dereva.

Amesimama. Mikono nyuma. Anaongea na viatu vya Mzee — lakini anaongea!

Sisikii. Honi imenyamaza. Mzee amezima gari. Sasa nitasikia — hapana, lori la mawe linapita, shindwe!

Mzee ametoa kofia.

Amemuuliza kitu. Valerie ametingisha kichwa. Hapana. Nimeona na macho yangu, ni hapana.

Kwa gari wameacha kuimba. Shirleen amejifunika uso. Kiama, aliyekuja kuaga, ametoka huko nyuma ya gari, amesimama katikati yao, hajaangalia upande wowote bado.

Mzee anaongea sasa. Anaongea mrefu, mkono juu. Valerie bado anaangalia chini lakini hajarudi nyuma. Apondi ameingia mbio, ananivuta nguo: Mama, toka useme kitu, inaharibika! Nimemwambia ngoja. Ngoja kwanza. Kaa hapa na mimi.

Mzee amenyamaza. Valerie ameinua uso, anafungua mdomo tena —