Kocha Anayenipa Mgongo

Mwanza, Jumapili mchana

Mama yangu,

Mugonile. Kabla sijasema langu nataka kujua goti lako linaendeleaje, na kama maji yameshatoka kwenye mpunga. Huku tunasikia kwamba Kyela mvua imegoma kukoma, na mimi nawaza kokoa yako itakauka lini. Sisi ni wazima. Mkweo Lusajo amenenepa kidogo, anasingizia samaki wa huku, ingawa mimi nikila dagaa wa hapa bado nawatafuta usipa wa Matema.

Nimeona niandike badala ya kupiga, kwa sababu simu yako inapokelewa na kila anayepita uani, na hili la leo ni la wakwe. Ukimaliza kusoma, iweke mahali pako.

Unakumbuka siku ya kuniaga, ulivyonikalisha jikoni kwetu Ipyana ukanipa adabu zetu: nisimtazame baba mkwe usoni, nisipishane naye njiani, jina lake lisipite mdomoni mwangu. Nikaitikia kila neno. Mimi nilijua, na wewe ulijua, kwamba baba yake Lusajo ndiye kocha wangu wa mpira wa kikapu. Hakuna kati yetu aliyelitaja.

Mama, adabu hiyo imenitesa.

Nikueleze kazi yangu uwanjani, maana huwa unaniuliza kama nakimbia tu. Mimi ni gadi, yaani yule anayepokea mpira nyuma, akaupandisha mbele na kuwagawia wenzake. Timu yetu ina magadi watatu na hatuchezi wote watatu kwa pamoja, tunapokezana, mara nyingine wawili wawili. Rehema ana mbio, kwa hiyo ndiye anayeanza. Janeth hatetemeki, anamaliza. Katikati pale, robo ya pili na ya tatu, zilikuwa zangu. Baba mkwe alikuwa akinifokea kama anavyowafokea wote, na nilimpenda kwa hilo.

Baada ya harusi akaacha. Nikiingia, anatazama viatu vyake. Nami sikumsaidia: nikaanza kuvaa suruali ya kubana chini ya kaptula, nikawa nakaa mwisho kabisa wa benchi na kumgeuzia mgongo. Akiita timu achore mpango kwenye kibao chake, mimi nasimama nyuma ya wote, natazama pembeni. Mechi moja walikubaliana Janeth akimbilie kona ya kulia, mimi sikuuona mchoro, nikatupa mpira kushoto pasipo na mtu. Watu walicheka. Dakika zangu zikapungua mpaka tatu, kisha mechi mbili sikuinuka kabisa.

Ungesema si kitu, ni mchezo. Lakini hii ni timu ya kampuni, na kazi yangu ya stoo imefungamana nayo. Msimu ukiisha wanabakiza magadi wawili. Nikapiga hesabu nikaona anayetoka ni mimi, na anayenitoa ni baba wa mume wangu, kwa sababu ya heshima. Nilikasirika, sikufichi. Nikamwambia Lusajo, "Atanipimaje mtu ambaye hanitazami? Bora nirudi Ipyana nikapure mpunga."

Lusajo akacheka, nikazidi kuchukia. Kisha akasema, "Wewe mpira unao mkononi muda wote. Baba akikukwepa wewe, anaukwepa mpira. Ukiingia, timu inabaki haina kocha. Ulitaka afanyeje?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilidhani ananinyima. Kumbe kila nikiingia yeye anakuwa kipofu.

Jumamosi ya wiki iliyopita ilikuwa mechi ya mwisho. Robo ya tatu haijafika katikati, Rehema akapata faulo ya tano, akatolewa. Janeth alikuwa anahema, mikono magotini. Benchi nzima ikanigeukia. Mama Koku, msaidizi wa kocha, mama wa Kihaya asiyezungusha maneno, akamwambia, "Mzee, hapa ni mkweo au tufunge virago."

Baba mkwe, Mama, akavua filimbi shingoni, akampa Mama Koku pamoja na kile kibao, akasema, "Ongoza wewe." Akaenda nyuma ya benchi, akasimama anatazama ukuta. Mzee mzima, mbele ya watu wote, anatazama ukuta wakati timu yake inacheza.

Nikaingia. Nilicheza vibaya mwanzoni, waliniibia mpira mara mbili. Ukafika wakati mpinzani anarusha mipira ya adhabu na ukumbi umetulia, nikamsikia anasema kule ukutani, "Mama Koku, mwambie mwanangu anadundisha juu. Mpira unachelewa kurudi mkononi. Aushushe."

Hakuwa ameniona hata mara moja. Alikuwa ananisikiliza. Nikakumbuka miezi yote ile niliyodhani hayupo.

Niliushusha. Hawakuniibia tena. Tulishinda kwa kikapu kimoja, alikifunga Janeth, nami nilimpa mpira kwenye kona ile ile ya kulia.

Jumatatu Mama Koku akatusomea mpango wa msimu ujao. Tumebaki wawili, Janeth na mimi. Rehema ameomba mwenyewe kuhamia Arusha kwa mumewe, kwa hiyo sikumtoa mtu. Mimi nina robo ya pili na ya tatu, kama zamani. Ila chini ya karatasi kulikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wa baba mkwe: robo hizo mbili kocha ni Mama Koku. Nikazisoma dakika zangu mara ya pili, nikaelewa hazikutoka kwa Janeth wala kwa Rehema. Zimetoka kwake.

Nililia stoo, nyuma ya makatoni.

Siwezi kumshukuru, ndiyo adabu uliyonipa. Kwa hiyo naomba unishukurie wewe. Mpunga ukivunwa, mpe Atupele, aliyekuwa mshenga wetu, debe moja la mchele wako mzuri na chungu cha Ikombe, yeye atavifikisha kwa shemeji zangu, nao watajua pa kuvipeleka. Maneno yasiwe mengi. Asante moja tu, ndaga fijo, inatosha.

Nisalimie bibi, mwambie bado najifunga kanga yake nikienda kanisani. Msalimie mjomba wa Bondeni pale dukani, na kaka, aache kumpigia Lusajo kuulizia viatu. Mchungaji naye nisalimie, ila haya usimwambie.

Ni mimi mwanao,
Subilaga

Tena, Mama: kwenye mfuko wa mchele wataandika jina la mpokeaji. Waandikie wewe, mimi siwezi. Nami nikiuona umefika, nitapita mbali, kichwa chini, nikidundisha mpira wangu chini chini, ajue ni mimi.