Mtambo Umezimika na Mimi Nasoma

Wanangu,

Wali uko kwenye sufuria, upasheni moto. Baba ameze dawa baada ya kula, siyo kabla.

Leo asubuhi nimesoma matangazo ya vifo studioni saa nzima, kumbe mtambo wa redio yetu ndogo ulishazimika. Fundi wetu wa kujitolea amepata kazi ya mshahara mjini, na hakuna mwingine anayeujua. Hakuna aliyepiga simu kuuliza. Hata nyinyi, ~~na miziki yenu ya redio kubwa~~ basi, yaishe.

Sikulia. Nilikusanya karatasi zangu.

Ndipo bibi muuza mkaa, msikilizaji wangu, akaja studioni kwa miguu. "Binti, unaumwa? Mbona umenyamaza?" Nikamsomea yote upya, yeye peke yake.

Naenda mjini kumsihi fundi anifundishe kuutengeneza mtambo mwenyewe. Msinisubiri kula.

Mama