Jibu Ulilolingoja Wodini

Musyoka ndugu yangu,

Jumamosi ninasafiri na Nduku mkeo kwenda kwa baba yako, na kabla sijakanyaga boma lile kuna jambo lazima nikuambie. Nilipaswa kukuambia ukiwa hai. Siku ya mazishi waliniita mbele niseme machache kama rafiki wa marehemu. Nilishika koo, nikatikisa kichwa, watu wakadhani ni uchungu. Mama mmoja wa kanisa lenu akanishika mkono akanirudisha kitini, akiniita mwanangu.

Nianze na habari za huku. Una miezi saba ardhini. Nyumba yenu ya Kayole imepata wapangaji wengine. Nduku amehamia kwa dada yake Umoja, anashona sare za shule pale barazani. Amekonda, lakini kikohozi hana, alipimwa, usihofu. Kompyuta yako ninayo mimi. Alinipa mwenyewe, wakati ule alikuwa bado ananiita shemeji.

Na kazi yako inatembea. Hilo nitalifikia. Nivumilie.

Mimi ndiye niliyekuonyesha kompyuta inavyowashwa, unakumbuka? Wewe ulikuwa karani wa ghala kule Industrial Area, unahesabu magunia yanayoingia na kutoka. Mimi nilikuwa na cheti cha chuo, natunza kompyuta za shirika la misaada mjini, ofisi yenye zulia. Mgeni wetu mmoja alipomaliza kazi na kurudi kwao aliniachia mfumo wa kompyuta ndani ya katoni ya disketi, arobaini na tatu, kila moja na namba yake. Nilikuletea wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa na mashine ya kuchezea, ile kuukuu waliyotaka kuitupa pale kazini kwenu. Nilijaribu kuuingiza mfumo ule Jumapili tatu mfululizo, nikashindwa, nikasema ni takataka. Nikaenda zangu kuangalia mpira. Wewe ukabaki.

Baada ya hapo ilikuwa wewe tu. Bado nakusikia ukiwaeleza walimu wa ile politekniki ya kanisa, umesimama na shati lako la kazini lenye vumbi la unga:

"Huu ni mfumo wa kuendesha kompyuta, wa jamii ya Unix, kama ule wa mashine kubwa za mabenki. Watu wameuandika upya kwa ajili ya hizi ndogo zetu, kila mmoja akiwa kwao, wanatumiana. Ni bure. Unakili, mpe jirani. Ufungue uone ulivyoandikwa, na ukiweza, urekebishe."

Mwalimu mkuu akakutazama kwa juu ya miwani. "Kitu cha bure kina nini ndani?"

"Ndiyo maana kimeachwa wazi, mwalimu. Tazama mwenyewe."

Shida ilikuwa stima, umeme wetu wa kukatikakatika. Kuuingiza mfumo kwenye mashine moja kulichukua saa nzima na zaidi, disketi baada ya disketi, na ukifika ya thelathini stima inapotea. Ikirudi, unaanza tena ya kwanza. Kayole, Huruma, kote ulikopeleka zile disketi, watu walianza mara mbili, mara tatu, kisha wakakurudishia. Wewe hukuwalaumu. Ulikaa nusu mwaka ukiandika programu yako ndogo, ya kuifanya mashine itambue ilipofikia na kuendelea hapo. Hukuniambia. Nadhani ulitaka kunishangaza.

Ulinishangaza, ndiyo. Siku ile politekniki mimi ndiye niliyekuwa mbele, nimevaa tai, nawaonyesha walimu. Stima ikapotea kama kawaida, ikarudi. Nikawaambia, "Basi hatuna budi kuanza mwanzo. Ndivyo ulivyoundwa."

Wewe ulikuwa umeegemea dirisha. "Hapana, Wafula. Si lazima."

Ukatoa disketi kwenye mfuko wa shati, ukanipisha kidogo kwa kiwiko, ukaitia. Mashine ikanguruma, ikaandika kwamba inaomba disketi ya thelathini na mbili. Walimu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe fundi ni huyu! Wewe kijana wa tai, mbebee mkoba."

Chumba kizima kilicheka. Wewe pia ulicheka, bila ubaya wowote, ukaniwekea mkono begani. Nami nilicheka. Na mkoba nilikubebea mpaka steji ya matatu.

Sikuusahau mkono ule. Ungenitukana ningekusamehe siku ileile.

Wiki hiyohiyo ulinipa disketi yenye programu na barua yako kwa wale wenye mfumo, niwatumie kwa imeli ya ofisini, maana wewe imeli ungeitoa wapi. Tulikuwa Muthurwa tunakula mahindi ya kuchoma. Ukaniambia, "Wakiikubali wataliweka jina langu kwenye orodha ya walioandika. Ndani ya mfumo wenyewe, Wafula. Kila atakayenakili atanakili na jina." Halafu ukasema jambo ambalo hukuwahi kuniambia: "Baba amechonga twiga na vifaru tangu sijazaliwa. Wako kwenye maduka yote ya mjini. Hakuna hata mmoja unayeweza kumgeuza ukaona jina lake."

Nikaiweka disketi kwenye droo ya meza yangu.

Siku ya kwanza nilisahau kweli. Siku ya pili nilikumbuka, nikaifungua droo, nikaitazama, nikaifunga. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Ningependa kukupa sababu kubwa. Nilitaka tu ungoje. Nilitaka kuwe na kitu kimoja ambacho usingekipata bila mimi.

"Niaje, Wafula. Wamejibu?"

"Bado."

Ulikuja hadi lango la ofisi yetu saa ya chakula cha mchana, kutoka Industrial Area kwa miguu, ukaniuliza hivyo kupitia vyuma vya geti. Wiki baada ya wiki. Ukaanza kunitetea mbele yangu mwenyewe: watu wale wana kazi nyingi, labda laini za simu zetu ni mbovu, labda, Wafula, mimi ndiye niliyekuandikia anwani vibaya. Mimi naitikia. Kisha ukaanza kukohoa, na ukaja mara chache, na mwisho nikawa mimi ninayekujia, kwenye wodi ya wagonjwa wa kifua.

Siku niliyokuua — sijui niiite nini — ilikuwa Jumanne. Asubuhi yake politekniki walikuwa wamepiga simu ofisini kwangu, kompyuta zao zimekwama. Nikasema nakuja. Mwalimu mkuu akasema, "Hapana, wewe usisumbuke. Tunamtaka Musyoka. Atapona lini?" Nilifika wodini na sauti ile masikioni. Nduku alikuwa ametoka kuchukua uji. Ulijikokota ukakaa, mifupa tupu, ukatabasamu.

"Wamejibu?"

Nikasema, "Wamejibu. Wamesema haifai."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza uso ukutani. Hata yeye, ambaye hakujua tunaongea nini, alisikia jinsi nilivyolitamka.

Nilitegemea utalia, na nakuambia ukweli, nilitaka kukuona ukilia. Badala yake ukauliza, "Walisema kosa liko wapi?"

"Hawakusema."

"Lazima lipo mahali. Watu wale hawawezi kusema tu." Ukafikiri. "Niletee daftari, Wafula. Na kalamu nyekundu."

Nikakuletea. Jumatano saa za kuona wagonjwa nilikuja na daftari la kurasa mia mbili na kalamu mbili, moja nyekundu, moja ya bluu.

Siku kumi na sita, Musyoka. Uliiandika programu yote upya kutoka kichwani, kisha ukaanza kulitafuta kosa. Sista akalalamika kwamba mgonjwa huyu hapumziki. Nduku akanivuta kando kwenye korido: "Shemeji, mwambie aweke ile kalamu. Wewe atakusikia." Nikakuambia. Ukajibu, "Nikilala litanitoroka." Kulikuwa na doa la damu kwenye ukingo wa ukurasa, ukalifunika kwa kiganja nisilione. Nililiona. Neno moja lingetosha: sikuituma. Kila siku nilikuja nalo mdomoni mpaka mlango wa wodi, na kila siku nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chako nikakuuliza umekula nini.

Ulifariki Alhamisi kabla ya uji. Nduku alinipa daftari akasema, "Alitaka upewe wewe. Alisema utaelewa."

Nilielewa. Kurasa za mwanzo ziko sawa kabisa, neno kwa neno na ile disketi. Halafu wino mwekundu unaanza. Unakata mstari ulio sawa, unaandika mwingine usiofaa. Unaukata huo pia. Unarudi nyuma na kukata ulichokiacha salama jana. Herufi zinainama, zinaanguka. Kufikia mwisho hakuna kilichobaki ambacho mashine yoyote ingeweza kukisoma. Uliibomoa kazi yako kipande kwa kipande kwa ajili ya kosa nililokutungia mimi, nimesimama, ndani ya pumzi moja. Na ukurasa wa mwisho ni barua kwao, ya bluu: unaomba radhi kwa kuwapotezea wakati, unasema utajaribu tena ukipona.

Jumatatu baada ya mazishi nilifungua droo, nikaituma. Programu na barua yako ya kwanza, kama ulivyonipa.

Walijibu Jumatano.

Siku mbili, Musyoka. Kama ningeituma siku ya mahindi ya kuchoma ungelipata jibu kabla hujaanza hata kukohoa. Aliyejibu ni yule mwenye kusimamia sehemu ya kuingiza mfumo. Alisema watu wa nchi nyingi zenye umeme mbaya wamekuwa wakiwalilia kwa jambo hilohilo, na wao hawakujua walitatue vipi. Alisema hawakubadilisha hata mstari mmoja. Akauliza wewe ni nani, na kama una kazi nyingine ungependa kuwaonyesha.

Disketi mpya walizotuma zilipofika nililitafuta jina lako kwenye orodha. Lipo, na wameliandika bila kosa. Nilinakili seti tisa kwa mikono yangu. Politekniki wanayo, shule moja ya Huruma inayo, na juzi nilimkuta kijana wa Dandora nisiyemjua kabisa akiwa nayo, amenakili kwa mtu ambaye naye alinakili kwa mtu.

Nilichapisha ule ukurasa wa majina nikampelekea Nduku. Alilitafuta kwa kidole mpaka akalipata, akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu ufe. Akamwita dada yake aje aone. Kisha akaishusha karatasi.

"Lakini walikataa. Alisema ulilisoma jibu lao wewe mwenyewe, walikataa."

Nikamwambia yote. Nilianza na droo nikamaliza na Jumatano ya jibu lao. Cherehani ilikuwa kati yetu, na sketi ya shule imeachwa nusu chini ya sindano. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Alikuwa anatema damu akiandika. Ulijua?"

"Nilijua."

"Nami nilikushika mkono nikakuomba umwambie apumzike."

"Ndiyo."

Nikasema nitakwenda kwa Mzee, baba yako, nipige magoti, nimwambie. Hapo ndipo alipopandisha sauti, mpaka wapita njia wakasimama.

"Hutamwambia! Wewe unataka kuutua huo mzigo, umtwike mzee wa watu. Unataka akupige, au akusamehe, upate usingizi. Hutapata hata kimoja." Akaikunja ile karatasi, akaitia kifuani. "Nitampelekea hii mimi. Nitamwambia rafiki wa mwanawe ndiye aliyeifikisha kazi ng'ambo. Akitaka kukushukuru, utakuja ushukuriwe."

Mzee ametuma neno. Ameita ukoo na watu wa kanisa, anachinja mbuzi. Kuna kiti kimetengwa karibu naye kwa ajili yangu. Atasimama, yeye asiyependa kusema mbele za watu, aeleze kwamba jina la mwanawe limezunguka dunia kwa sababu ya Wafula. Nduku ameniambia atakaa upande wa pili, mahali anapoweza kuniona uso.

Wale wa ng'ambo nimewaandikia ukweli. Nimewaambia umekufa, ulikufa ukidhani wamekukataa, na aliyekudanganya ni huyu anayewaandikia. Yule msimamizi alijibu kwa mistari miwili, ya pole, na tangu hapo hanijibu. Ana haki.

Sikuombi msamaha. Nduku amenifunza ombi hilo ni la nani. Nakuahidi hiki kimoja tu: Jumamosi sitalia. Nikilia watanifariji, na baba yako ndiye atakayekuwa wa kwanza kunishika. Nitakaa kwenye kiti kile. Nitakula nyama watakayoniwekea. Nitaitikia kila asante kwa sauti inayosikika, mpaka wa mwisho wao, na Nduku ataniona nikiimeza.

Buriani, Musyoka. Weka ile kalamu chini. Hakuna kosa hata moja. Halikuwapo.

Wafula