Milamula ya Kwetu

Jumatano, jioni

Bado nacheka peke yangu. Sensa imeonyesha tumekuwa wengi, kwa hiyo kata inagawanywa, na leo mkutanoni mtendaji alitusomea mpaka mpya utakapopita. Unafuata mstari wa milamula ulio kati ya kwangu na kwa shemeji Bonifasi.

Simlaumu mtendaji. Mlamula ni mti wa mpaka, kila mtu hapa anajua. Lakini hiyo aliipanda marehemu mume wangu alipogombana na mdogo wake huyo, na mimi niliona aibu kulisema mbele za watu.

Akasimama Bonifasi, ambaye salamu zangu huzijibu akitazama jembe lake.

"Mtendaji, hiyo milamula si ya serikali. Ni hasira zetu, mimi na marehemu kaka. Msinitenge na shemeji yangu."

Mtendaji ameandika mpaka usogezwe hadi kijitoni. Kama wilaya itakubali, sijui, na hilo linanisumbua.

Ila jioni hii Bonifasi amekuja na panga, akakata miwili. Panatosha mtu kupita. Alipoondoka niliokota vijiti vyote nikavianika juu ya bati, maana mlamula ukiachwa chini huota tena.