Haibiskasi Kwenye Ndoo ya Rangi

Alhamisi. Jua la Februari limeamka na hasira, na upepo wa Kitengela umeleta vumbi hadi ndani ya kopo la sukari.

Leo sikuondoka na giza kama kawaida. Nilikaa barazani na kikombe cha chai mbele ya ndoo kuukuu ya rangi, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Ndani ya ndoo kuna haibiskasi. Nilikata kijiti chake nyumbani Vihiga, Krismasi ya mwaka juzi, nikikimbilia gari. Fensi yetu ilikuwa imetoka kupunguzwa kwa ajili ya wageni, hakukuwa na hata ua moja lililobaki juu yake.

Sisi hatukuwa na ukuta. Tulikuwa na fensi ya haibiskasi ambayo mama alipanda alipoolewa, nyekundu mwaka mzima. Mama alianika nguo juu yake, kwa hiyo sare zetu za shule zilikuwa na madoa ya zambarau yaliyoshinda kila sabuni. Tulinyonya utamu wa maua. Tulibandika petali puani, tukawika kama majogoo hadi kuku wenyewe wakatushangaa.

Wiki jana kaka yangu aling'oa fensi yote. Anajenga ukuta wa mawe. Mama aliniambia kwamba utakuwa mzuri, kwa ile sauti yake ya kutotaka kuulizwa zaidi.

Kwa hiyo ndoo hii ndiyo iliyobaki.

Haijakuwa rahisi. Maji ya bomba hapa yanatoka kisimani na yana chumvi. Ukimwagilia kwa muda, udongo unaota ukoko mweupe na majani yanaungua kingo. Nilijifunza kukinga maji ya mvua, na mvua ikikataa, nagawana na mmea maji yangu ya kunywa. Udongo mweusi wa huku unashika maji kama unga uliokandwa, kisha ukikauka unapasuka, basi niliuchanganya na mchanga na samadi kavu niliyoitoa Kisaju. Wadudu weupe kama pamba niliwaosha kwa maji ya sabuni, jani kwa jani, juu na chini.

Hata hivyo kila tumba lilidondoka kabla ya kufunguka.

Isipokuwa hili moja. Lilivimba, likashika. Shida ni kwamba ua la haibiskasi hufunguka asubuhi na kujikunja jioni, basi. Mimi hutoka kwenda kazini Kajiado gizani na kurudi gizani. Lingechanua na kufa bila mimi kuliona. Na bado niko kwenye miezi ya majaribio kazini. Mimi huogopa hata kuomba stepla.

Jana nilifanya mazoezi ya maneno yangu chooni, kisha nikaenda kwa bosi wetu.

"Madam, naomba kuchelewa kidogo kesho asubuhi."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna. Ni ua."

"Kuua? Unaenda kuua nani?"

"Ua, Madam. Haibiskasi yangu. Inachanua kesho."

Alivua miwani. "Kwetu ua likichanua, mbuzi ndio huliona kwanza," akasema. "Haya, nenda. Lakini wakati wa chai nikuone hapa."

Jana usiku, kwa taa ya barazani, ncha ya tumba ilikuwa nyekundu. Labda niliona nyekundu kwa sababu ndiyo niliyotaka.

Leo jua lilipofika kwenye ndoo, petali zilianza kulegea moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayefungua ngumi. Nilisimama. Nikainama. Nikasugua macho.

Lilikuwa la rangi ya waridi.

Nilimpigia mama simu ya video nikitumaini macho yangu ndiyo mabovu.

"Hebu sogeza hapo karibu," akasema. "Hiyo si yangu."

"Ni yako, mama. Nilikata kwa fensi yetu."

"Yangu ni nyekundu. Hiyo pinki ni ya Mama Dorika! Wee mtoto, ulivuka ukaiba kwa watu!" Akacheka hadi simu ikaonyesha dari tu.

Mama Dorika alikuwa jirani yetu wa mpakani. Alipanda za waridi upande wake, mama nyekundu upande wetu, na matawi yakaingiana. Wao wenyewe hawakusalimiana miaka mingi kwa sababu ya mpaka huohuo. Mama Dorika alizikwa mwaka jana.

"Upande wake pia umeng'olewa," mama akasema, kicheko kimekwisha. "Mwagilia hiyo, mwanangu. Usiache ikufe."

Nililia kidogo kwenye gari nikielekea kazini. Nyekundu ya kwetu imeisha, na mimi ndiye niliyedhani nimeiokoa.

Lakini tangu asubuhi nimekuwa nikimfikiria Dorika mwenyewe. Tulikaa dawati moja hadi mama zetu walipokosana, tukajifunza kupishana njiani kama wageni. Siku hizi anafundisha Rombo, kaunti hii hii ya Kajiado, na nambari yake ninayo kutoka grupu ya darasa letu. Wakati wa chakula cha mchana nilimtumia picha ya ua. Sikuandika neno, kwa sababu maneno ndiyo yanayonitia hofu.

Alijibu jioni hii nikivua viatu.

"Mwizi wewe! Hiyo ni ya mamangu."

Nikashika simu kwa mikono miwili. Ujumbe wa pili ukaingia.

"Hatuna hata moja iliyobaki. Jumapili baada ya kanisa nakuja na kisu. Nitakata kijiti changu, na utanilisha."

Nimesoma mara nyingi sana. Nimefurahi, na ninaogopa. Kuna unga wa chapati, kuna ndengu. Chakula si neno.

Lakini akikaa hapa barazani, baada ya miaka yote hii, nitaanza kwa kumwambia nini?