Kiingereza Kizima na Kiingereza cha Vipande

Mama Hiza, mke wangu,

Pokea salamu za mtu anayetoka jasho akiwa amekaa. Mimi mzima, ila miguu inavimba kwa joto hili la Dar es Salaam. Hamjambo huko mlimani? Goti la mama linasemaje na ukungu wa majira haya? Na Hiza, kifua kimeachia, au bado anakohoa kama mzee wa baraza? Huku asubuhi hakuna wa kukusalimu "onga makeo". Watu wanapitana kama mbuzi waliofunguliwa kamba.

Uliniuliza ufunge vyombo lini. Kama umevifunga, vifungue. Nyumba hatukupata.

Usikasirike kabla hujasoma. Unajua Kiingereza changu nilikiokota mwenyewe, kwenye vitabu vikuukuu vya misheni kule Bumbuli, jicho moja kwenye ukurasa na jingine kwa ng'ombe wa baba. Vitabu vile havikati neno, na mimi nikawa sikati. "I do not know, sir." "I have not seen it, sir." Miaka sita ya ukarani nimemjibu mzungu, mkuu wetu wa ofisi, hivyo, naye akinicheka kwa pua. Aliniambia naongea kama tangazo la mahakama. Yeye mwenyewe ni "don't" na "haven't" kutwa nzima, maneno yamejikunja kama shati la safari.

Athumani, mpiga chapa ninayekaa naye meza moja, ndiye aliyejitia ualimu.

"Wewe Msambaa, Kiingereza chako kinalala na viatu. Kata! Sema 'I don't'."

"Mbele ya mkubwa?"

"Mbele ya mkubwa hasa. Ndiyo ajue umezoea."

Hapo nilikwama. Unakumbuka nilipokuja kwenu mara ya kwanza, nikakutana na baba yako kwenye njia ya Irente, nikamrushia shikamoo huku natembea, nusu imebaki mdomoni? "Kijana," akasema, "rudi pale kwenye kona, uje upya." Nikarudi na mkungu wangu wa ndizi begani, nikaja upya, nikasimama, nikaitoa yote. Ndipo akaitika marahaba. Basi nilidhani Kiingereza nacho kina baba mkwe.

Lakini karani mkuu alikuwa anastaafu, na karani mkuu hupewa nyumba ya vyumba viwili yenye bomba uani. Mzungu akaniambia nilegeze ulimi, kiti kile ataniweka mimi. Nikakuona wewe na hilo bomba, bila ndoo wala mteremko. Nikaanza kukata.

Si kazi ndogo, mke wangu. Kuna mahali pa kukata na mahali ukikata unachekwa, na hakuna anayejua kukueleza kwa nini. Siku moja mzungu aliniuliza kama niko tayari. Nikajibu kwa fahari, "Yes, I'm!" Chai ilimtoka puani. Athumani akacheka kuliko mzungu, na wala hakujua anacheka nini, maana nilimuuliza. Hata hivyo sikuacha. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nakata kama mchuma majani ya chai.

Mara mzungu akaondoka, hata kuaga hakuaga vizuri. Kitini akakaa mkuu mpya, mwananchi mwenzetu aliyerudi masomoni Ulaya, kijana wa umri wa mdogo wako. Tukafurahi. Akatuita mmoja mmoja kwa habari ya ukarani mkuu, mimi wa kwanza. Nikaingia na mavuno yangu yote: "I've", "I'm", "can't". Akaweka kalamu chini, akageukia Kiswahili.

"Ndugu, na yule mzungu ulikuwa unamjibu hivyo?"

"Hapana, mkuu. Yeye kwa miaka sita nilimjibu..." Nikaziba mdomo kwa mkono, nimechelewa.

"Malizia. Nimesoma majalada, na watu wamenisimulia adabu yako. Mzungu ulimpa maneno mazima. Mimi, mweusi mwenzio, unanipa vipande."

Ningekuwa yeye, ningewaza vivyo hivyo.

Akafuata Athumani. Nilikuwa nje ya mlango, nikamsikia. "I do not, sir." "I have not, sir." Mazima, yamenyooka, na ile sauti yangu ya misheni ndani yake. Kiingereza changu nilichokivua, yeye alikuwa amekivaa. Alipotoka nikamshika mkono.

"Athumani, si wewe uliyenifundisha kukata?"

"Nilikufundisha kwa mzungu, ndugu yangu. Huyu ni mzungu?"

Jumamosi alihamia kwenye ile nyumba. Nilimsaidia kubeba kitanda. Bomba linatoa maji mazuri, nimeyanywa.

Sitakuahidi kitu. Bado nipo chumba kile kile kimoja na wenzangu wawili, na ofisini sasa najibu kwa Kiswahili, kifupi, nikiitwa tu. Kinachoniuma ni kwamba baba yako alinirudisha kwenye kona, nikaja upya, akanipa binti. Huku hakuna anayekurudisha kwenye kona. Ukikosea, mlango unafungwa.

Msalimie mama, umwambie goti alikande kwa maji ya moto. Wasalimie shemeji zangu wanaolima kabichi bondeni, na shangazi wa kanisani aliyetuombea nyumba. Mwambie ahsante, maombi ya nyumba yaishie hapo. Hiza mbusu. Na baba yako mfikishie shikamoo yangu, yote. Mwambie nimeiandika nikiwa nimesimama.

Ni mimi mumeo,
Baba Hiza