Tulipeleka Kuku, Tukamla Sisi

Jumamosi jioni, Januari. Nje kuna baridi ya kukata masikio, na theluji ya juzi imegeuka barafu chafu kando ya barabara. Nimerudi nyumbani Brooklyn Park, huku ughaibuni, nimeshiba, na hiyo shibe ndiyo inayoniuma.

Nimekula chakula cha watu wenye njaa.

Leo ilikuwa zamu yetu, akina mama watatu Wakenya wa kanisani, kupeleka maboksi ya chakula. La mwisho lilikuwa la Mama Furaha, Mkongo, mjane mwenye watoto wanne, kule Brooklyn Center. Amepunguziwa saa kazini, kodi ya nyumba inameza karibu mshahara wote, na msaada wa chakula wa serikali umesimamishwa. Ndani ya boksi mlikuwa na mchele kidogo, pakiti ya unga wa mahindi, mafuta na kuku mzima. Lilipaswa kuwafikisha Jumamosi ijayo.

Tungeweza kuliacha mlangoni tukaenda zetu. Lakini sisi ni sisi. Kumwachia mtu chakula mlangoni tuliona ni dharau, na kusema kweli nilitaka pia kumwona akifurahi. Basi tukavua viatu, tukaketi, tukaulizana habari za nyumbani.

Mgeni akishaketi, mama gani wa kwetu atamwacha aondoke hivi hivi?

Tukasikia kisu jikoni. Nikamfuata Mama Furaha, nikamwambia tumeshakula, tuna haraka. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Hapana, mama. Mugeni hawezi toka kwangu na njaa. Mukae."

Nikakaa. Kukataa kungekuwa kumwambia kwamba tunajua hana kitu. Tukaombea chakula, tukaletewa fufu, ambayo ni ugali wetu ule ule, na kuku mzima kwenye sinia. Watoto walikuwa chumbani wakingoja wageni wamalize, ndivyo walivyofunzwa. Mimi nilidonoadonoa, naye akazidi kunisogezea vipande hadi nikashiba. Mwenzangu mmoja, Mungu amsamehe, aliomba aongezewe mchuzi.

Halafu Furaha, wa miaka saba, akachungulia na kuuliza kwa Kiingereza kama kuna chochote kimebaki. Mama yake akacheka kwa sauti kubwa mno, akamrudisha chumbani.

Jana tu, kazini kule Maplewood, nilimwaga trei za chakula ambazo wagonjwa hawakuzigusa. Kuku, viazi, mikate ambayo haijafunguliwa. Haturuhusiwi kumpa mtu. Nchi hii haikosi chakula, jamani, mimi mwenyewe nakitupa kwa mikono hii, kisha leo naenda kula cha Furaha.

Nimechoka. Sioni boksi litakalotosha.

Kama unasoma hapa na unataka kusaidia, saidia, tafadhali. Ila piga hodi, toa ulichobeba, na usivue viatu.

Tulipoaga, Mama Furaha alinipa bakuli la plastiki lenye vipande viwili vya nyama. "Pelekea batoto," akasema. Watoto wangu, ambao wana friji iliyojaa! Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikalia kwenye gari.

Sasa bakuli liko hapa mezani, nimeshaliosha. Kwetu huwezi kumrudishia mtu bakuli lake tupu, na hili ndilo jambo pekee lililonipa moyo leo. Kesho baada ya ibada nitampelekea limejaa pilau ya nyama. Hilo hatalionea haya wala hatanikalisha, maana si msaada, ni chombo chake kinarudi.

Nilifikiria kuongeza na sufuria yangu kubwa. Lakini sufuria yangu naye itambidi airudishe, na hatakubali irudi tupu.

Kwa hiyo itakuwa bakuli tu. Nimelishika tena sasa hivi kulipima. Linamtosha mtoto mmoja.